Kamba, mende na karatasi ya maabara

Mpwa wangu ni mpishi. Amezaliwa Tanga na kukulia ufukweni. Kabla hajajua kusoma alishajua kumgeuza kaa chali na kukwambia huyu dume, huyu jike. Mwaka juzi alianza kusumbuliwa na mafua yasiyokwisha. Anaamka alfajiri anapiga chafya mfululizo, macho yanamwasha, pua inachuruzika mpaka saa tatu, halafu mchana kutwa yu mzima kana kwamba hakuwa yeye. Akaenda kwenye zahanati moja ya kulipia. Wakamtoa damu, wakapokea fedha ambazo kwao zingetosha sokoni wiki mbili, na baada ya siku chache wakampa karatasi yenye mistari thelathini na ushei. Kwenye mstari wa kamba palikuwa na alama ya kujumlisha, kwenye mstari wa kaa vilevile. Maelezo aliyopewa yalikuwa mafupi: una mzio wa vyakula vya baharini, kuanzia leo usiguse kamba, kaa, pweza, ngisi wala chaza.

Pweza, ngisi na chaza hawakuwamo kabisa katika ile karatasi.

Kijana huyu anakula kamba tangu meno yake ya kwanza. Usiku wa kuamkia siku ya kutolewa damu alikula ugali kwa uduvi wa nazi, akalala fofofo, hakujikuna hata kidole. Hakuna aliyemuuliza hilo. Alirudi nyumbani akamwambia mama yake uduvi usipikwe tena, na alipoanza kuzungumzia kuacha kazi ya jikoni ndipo dada yangu akaniletea karatasi niitazame. Nimeitazama mara nyingi tangu siku hiyo. Mashine ilifanya kazi yake sawasawa; waliokosea ni walioisoma.

Imani ninayoipinga hapa husemwa kwa maneno mawili tu: damu haidanganyi. Nimeisikia kwa wagonjwa, kwa wauguzi, kwa madaktari wenye shahada ukutani, na kwa ndugu zetu walioko ughaibuni wanaopiga simu kutuambia kwamba huko nyumbani mnabahatisha, huku sisi tunapimwa. Kwa imani hiyo, mgonjwa anayeeleza kilichompata baada ya kula anapiga hadithi, na ukweli unasubiri sindano. Mimi nashikilia kinyume chake. Katika mzio wa kamba na jamaa zake, maelezo ya mlaji ndiyo ushahidi wa kwanza. Damu ni shahidi wa pili, na shahidi wa pili akiitwa peke yake huzua kesi ambayo haikuwapo.

Tuanze na hicho kinachopimwa. Mwaka 1921 huko Breslau, mji ambao leo unaitwa Wrocław nchini Poland, daktari Heinz Küstner alikuwa na mzio wa samaki. Mwenzake Carl Prausnitz akachukua majimaji ya damu ya Küstner akajidunga kwenye ngozi yake mwenyewe, na kesho yake akadunga dondoo la samaki mahali palepale. Ngozi ikavimba na kuwasha. Ikajulikana kuwa damuni mna kitu kinachobeba mzio kutoka mtu hadi mtu. Kitu hicho kilitambuliwa kati ya 1966 na 1967 na watafiti Kimishige na Teruko Ishizaka huko Marekani, na S.G.O. Johansson na Hans Bennich huko Sweden, kisha mwaka 1968, katika mkutano wa Shirika la Afya Duniani mjini Lausanne, kikapewa jina la IgE. Ni kingamwili. Hujibandika juu ya seli maalumu za ngozi, pua, mapafu na utumbo, na chakula inachokijua kikipita, seli hizo humwaga histamini na kemikali nyingine. Hapo ndipo midomo huvimba, mwili hutoka mapele, kifua hubana, na mambo yakizidi shinikizo la damu huporomoka.

Utazame vizuri mpangilio wa jaribio lile la 1921. Küstner alikwisha kujulikana kuwa ana mzio kwa sababu alikuwa akila samaki na kuumwa. Damu iliulizwa swali dogo: hili tunalolijua tayari, linabebwa na nini? Sisi tumeigeuza kazi juu chini. Tunamtoa damu mtu ambaye kamba hajawahi kumdhuru, tunaiuliza damu kama ana mzio wa kamba, na jibu lolote inalotoa tunalipokea kama hukumu ya Mahakama ya Rufani.

Maabara hufanya hivi: huweka dondoo la kamba, hulikutanisha na majimaji ya damu yako, kisha huhesabu IgE iliyonasa. Kwa desturi ya miaka mingi, kU/L 0.35 ndiyo kizingiti, na majibu hupangwa kwa madaraja kutoka 0 hadi 6. Kilichopimwa hapo ni utambuzi. Mwili wako unamtambua kamba. Haijasemwa popote kwamba utapigana naye. Mimi nawatambua watu wengi mtaani kwetu, na wengine siwapendi, lakini sijamrushia mtu ngumi tangu nimalize shule. Wala daraja halikwambii ugomvi utakuwa mkubwa kiasi gani. Yuko mwenye daraja la 2 anayeweza kuzimia mezani, na yuko mwenye la 4 anayekula sahani nzima ya kamba akanawa mikono akaenda zake.

Haya si maneno ya mwasi. Mwongozo wa Marekani wa mwaka 2010 kuhusu mzio wa vyakula, uliosimamiwa na taasisi yao ya NIAID, unasema waziwazi kwamba kipimo cha IgE peke yake hakitoshi kumpa mtu jina la ugonjwa. Kwa hiyo mtu anayefunga faili kwa damu tupu asijifiche nyuma ya utaalamu wa nchi zilizoendelea. Utaalamu huo unamkana.

Sasa turudi kwenye karatasi ya mpwa wangu. Mstari wa utitiri wa vumbi la nyumbani ulikuwa daraja la 4. Mende, daraja la 3. Kamba, la 2. Kaa, la 1. Mtu aliyefundwa kidogo tu katika mambo ya mzio angeisoma karatasi hiyo kama asomavyo saa ya ukutani.

Kwani kamba ni nani? Sokoni ni kitoweo, lakini kwa nasaba ni jamaa wa wadudu: miguu yenye viungo, gamba la nje ambalo hulivua kila akikua. Katika ukoo huo mpana wamo kaa, wamo mende, na umo utitiri, kijidudu kisichoonekana kwa macho kinachoishi ndani ya magodoro na mito kikila vipande vya ngozi tunavyopukutisha usiku. Wote wana protini ya misuli iitwayo tropomayosini, na tropomayosini zao zinafanana kama watoto wa mama mmoja. Tangu mwanzoni mwa miaka ya 1990 protini hiyo imejulikana kuwa chanzo kikuu cha mzio wa kamba. Haivunjiki kwa moto, ndiyo maana kamba aliyechemshwa saa nzima bado humdhuru mwenye mzio wa kweli. Basi mtu aliyelala miaka ishirini na tano juu ya godoro la sufi, katika joto na unyevu wa Pwani ambao utitiri unaupenda, anaweza kujijengea IgE dhidi ya utitiri. IgE hiyohiyo ikipelekwa maabara ikakutanishwa na kamba, itamnasa. Mashine haina namna ya kujua kwamba mgeni wa kwanza alikuwa mdudu wa godoroni.

Mwaka 2003 ulichapishwa utafiti juu ya Wayahudi wa Kiorthodoksi, watu ambao sheria ya chakula ya dini yao inawakataza kamba na kaa, na ambao kamba hajawahi kupita midomoni mwao. Walikutwa miongoni mwao watu wenye mzio wa utitiri ambao IgE yao ilinasa tropomayosini ya kamba. Mzio wa chakula ambacho hujawahi kukila! Huku kwetu mfikirie Msabato wa Kisii au wa Upareni, ambaye kwa imani yake hali kamba wala kaa. Akianza kupiga chafya kwa vumbi la nyumba na akapimwa kwa orodha ndefu, karatasi inaweza kumtangazia ugonjwa wa kitoweo asichojua hata ladha yake. Atamshukuru Mungu kwa kumwepusha, na mimi sitamlaumu. Wa kulaumiwa ni aliyempima.

Kuna na la ziada linalotuhusu sisi kuliko watu wa Ulaya. Minyoo mirefu ya tumboni, ile ambayo wazee waliiita chango, nayo ina tropomayosini yenye undugu na ya utitiri na mende. Na nchini Ghana, utafiti uliochapishwa mwaka 2013 uliwapima watoto wa shule ukakuta baadhi yao wana IgE dhidi ya karanga, ilhali walipochomwa ngozi kwa dondoo la karanga ni wachache mno waliovimba. IgE ile ilihusishwa na kichocho. Karanga si kamba, nalijua hilo, ila funzo linavuka bahari bila pasipoti: mahali penye minyoo na kichocho, IgE ina shughuli nyingi, na si kila shughuli yake ni mzio. Vizingiti tunavyovitumia vimejaribiwa zaidi kwa wagonjwa wa Ulaya na Marekani. Kumpima mtoto wa Pemba, kisiwa kilichopambana na kichocho kwa miongo mingi, kisha kuisoma karatasi yake kana kwamba amezaliwa Stockholm, ni uvivu uliovaa koti jeupe.

Tufanye hesabu ya sokoni. Tuseme katika watu 1,000, wenye mzio wa kweli wa kamba ni 20. Tuseme kipimo ni kizuri na kinawakamata 18. Halafu tuseme katika wale 980 waliobaki, mmoja kati ya kumi ana IgE ya kuazima kutoka kwa utitiri au mende; hao ni 98. Ukiwapima wote, utatoa karatasi 116 zenye alama ya kujumlisha, na wagonjwa humo ni 18. Namba ni za mfano, nimeziweka ili tuhesabu pamoja, na ukitaka zibadilishe. Utakachoona ni kwamba kadiri unavyowapima watu wasio na dalili ndivyo unavyotengeneza wagonjwa wa karatasi. Sasa chukua mashine hiyohiyo, wapime watu mia moja ambao kila mmoja alivimba midomo ndani ya saa moja baada ya kula kamba. Safari hii alama ya kujumlisha itakuwa na uzito. Mashine haijabadilika hata skrubu moja. Kilichobadilika ni maswali yaliyoulizwa kabla ya sindano.

Wanaonipinga hunikumbusha kwamba dalili ya mvua ni mawingu. Ni kweli. Lakini mkulima wa Handeni anajua ni mawingu mangapi yamepita juu ya shamba lake bila kudondosha tone, na hapandi mahindi kwa kila wingu.

Hoja yao nzito zaidi ni nyingine, na sitaki kuiruka. Wanasema maelezo ya watu hayaaminiki: watu husingizia chakula kila kitu. Wana namba za kuonyesha. Utafiti mkubwa wa watu wazima wa Marekani uliochapishwa mwaka 2019 ulikuta asilimia 19 wanaamini wana mzio wa chakula fulani, lakini waliokuwa na sababu ya kuaminika walikuwa asilimia 10.8, na katika vyakula vyote, vya jamii ya kamba, kaa na chaza ndivyo vilivyoongoza, asilimia 2.9. Unaona, wananiambia, karibu nusu wanajidanganya! Naam. Ila waulize watafiti wale waliwachuja vipi hao wanaojidanganya. Ulikuwa utafiti wa maswali. Waliwauliza watu dalili zao moja baada ya nyingine, wakatenganisha zinazofanana na mzio na zisizofanana. Maelezo mabovu yalisafishwa kwa kuhojiwa vizuri zaidi, wala hakuna aliyetolewa damu kwa kazi hiyo. Anayesema mgonjwa hajui kueleza, mara nyingi yeye ndiye hajui kuuliza, au hana dakika ishirini za kukaa naye.

Kisha huja ile ya mwisho, ambayo hutamkwa kwa upole kama mtu anayekufunika shuka: kinga ni bora kuliko tiba. Akiacha kamba atapungukiwa nini? Si kuna maharage?

Atapungukiwa kazi, kwanza. Mpishi wa hoteli ya Pwani asiyegusa kamba wala kaa ni sawa na fundi cherehani asiyegusa uzi. Wako pia akina mama wanaomenya kamba kwa mkono na kuwauza, wachuuzi wa supu ya pweza, wavuvi wa Rufiji. Hawa ukiwaambia wasiguse kamba umewaambia wasile kabisa.

Pili, ugonjwa halisi unaachwa bila tiba. Mpwa wangu aliacha kamba miezi mitatu na aliendelea kupiga chafya kila alfajiri, kwa sababu utitiri haukuwa jikoni, ulikuwa chini ya ubavu wake. Katika karatasi ile jibu lake lilikuwa limeandikwa kwa daraja la 4, mistari michache juu ya kamba, na hakuna aliyemwambia neno juu ya godoro.

Tatu, maneno "mzio wa vyakula vya baharini" yakishaingia kwenye faili hayatoki, na huzaa watoto. Mtoto wao maarufu ni ule uvumi wa madini joto. Mtu mwenye maneno hayo kwenye faili akihitaji kupigwa picha ya CT kwa dawa ya rangi, atatokea mtu wa kumwambia haiwezekani, kwa kuwa dawa ile ina madini joto na kamba pia wana madini joto. Uvumi huu umeenea tangu miaka ya 1970, umekanushwa na wataalamu wa mionzi wenyewe, na bado unatembea kwenye korido za hospitali kama mwenye nyumba. Mzio wa kamba unatokana na protini. Madini joto tunayala kila siku kwenye chumvi, na huyo aliyeambiwa asiguse kamba kwa sababu ya madini joto ametoka nyumbani asubuhi akiwa ameinyunyiza kwenye yai.

Na hawa watu wa tahadhari, mbona tahadhari yao ni ya upande mmoja? Mtu aliyevimba midomo na kubanwa koo mezani, damu yake ikirudi bila alama, wanamwambia kula. Hapo ndipo damu inapoweza kuua. Dondoo la maabara hutengenezwa kutoka kwa aina chache za kamba, na huenda protini iliyomdhuru huyu haimo humo ya kutosha. Aliyeumwa kweli haachiliwi na karatasi. Yeye ni mshukiwa mpaka daktari wa mzio amwone.

Pia kuna mambo ambayo damu haiwezi kuyajua hata ikipimwa mara kumi. Mwaka 1979 madaktari wa Marekani walieleza habari za mtu ambaye vyakula vya gamba vilimdhuru pale tu alipofanya mazoezi baada ya kuvila; akila na kupumzika, hana neno. Pombe na dawa za maumivu kama aspirini nazo zinaweza kumfungulia mzio mlango. Na kuna jodari. Jodari, vibua na jamaa zao wakikaa juani bila barafu, bakteria hugeuza kemikali iliyomo kwenye nyama yao kuwa histamini, ileile inayomwagwa na seli wakati wa mzio, na moto hauiondoi. Mlaji huwa mwekundu usoni, kichwa kinagonga, mwili unamwasha ndani ya muda mfupi. Ni sumu ya chakula iliyovaa nguo za mzio, na alama yake ni kwamba mara nyingi meza nzima huumwa. Mtu wa namna hii akipelekwa kupimwa orodha ndefu, utitiri wa godoro lake unatoa alama kwenye mstari wa kamba, na kamba, ambaye siku ile hakuwapo hata mezani, anabeba lawama za jodari. Muuza barafu ndiye angepaswa kuhojiwa.

Sitapoteza wino mwingi kwa vile vipimo vya kingamwili aina ya IgG vinavyouzwa kwa vyakula mia na zaidi kwa mpigo. IgG kwa kawaida huonyesha kwamba umekila chakula hicho na mwili umekizoea. Chama cha wataalamu wa mzio wa Ulaya, EAACI, kilitamka mwaka 2008 kwamba visitumike kutambua mzio wa chakula. Anayekuuzia anauza orodha ya mapishi ya nyumbani kwako.

Je, nataka kipimo cha damu kifutwe? Hasha. Mtu mwenye pumu ya ngozi mwili mzima huwezi kumchoma ngozi ukaona kitu. Mtu asiyeweza kuacha dawa za mzio hata siku chache, ngozi yake itanyamaza. Damu haijali dawa hizo. Aliyewahi kuzimia baada ya kamba, damu ni njia isiyo na hatari ya kupata ushahidi wa kuunga mkono. Na sasa maabara kubwa zinaweza kupima protini moja moja badala ya dondoo zima, jambo linalosaidia kidogo kutenganisha utitiri na kamba. Hayo yote nayakubali, kwa sharti moja: kipimo kiagizwe na mtu aliyekwisha kusikiliza, na kiagizwe kwa chakula kinachoshukiwa, si kwa menyu nzima ya hoteli.

Kusikiliza kwenyewe kuna ufundi. Ulikula nini hasa: kamba, kaa, au pweza? Kiswahili kimewapa kila mmoja jina lake, na kimefanya vyema, maana pweza, ngisi na chaza ni ukoo mwingine. Wapo wanaodhuriwa na kamba wakala pweza miaka yote kwa amani, na wapo wanaodhuriwa na wote. Dalili zilianza baada ya dakika ngapi? Mzio wa IgE kwa kawaida haungoji kesho kutwa. Wenzako mezani waliumwa? Ulikuwa umekunywa dawa gani, umetoka kukimbia, umekunywa pombe? Umewahi kula kitu hichohicho kabla, na baada ya siku ile umekila tena? Unakula uduvi? Hilo la mwisho kwetu ni swali la dhahabu. Wapo wanaojihesabu hawali kamba, na kila wiki wanakula uduvi mchuzini. Uduvi nao ni kamba, wadogo tu.

Mashaka yakibaki baada ya hayo, ndipo ngozi huchomwa kwa dondoo na kusomwa baada ya dakika kumi na tano hadi ishirini, au damu hutolewa. Na mashaka yakibaki bado, kuna mtihani ambao ndio wenye neno la mwisho: kulishwa chakula chenyewe hospitalini, kidogokidogo, kwa saa kadhaa, daktari akiwa kando na dawa ikiwa tayari. Mtihani huo usifanywe nyumbani. Ikiwa umewahi kubanwa koo, kuishiwa nguvu au kuzimia baada ya kula kamba, makala haya hayajakuruhusu kuonja hata mchuzi.

Mpwa wangu alipata daktari aliyemuuliza maswali hayo kwa nusu saa. Godoro la sufi likatolewa, mashuka yakaanza kufuliwa kwa maji ya moto, akapewa dawa ya kupuliza puani. Karatasi ameihifadhi. Siku ya kwanza aliporudi kwenye kamba alikula wanane, na mama yake alisimama mlangoni na glasi ya maji kana kwamba maji yangesaidia.

Kile ambacho kingesaidia ni adrenalini. Imo katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani, huja katika ampuli ndogo ya miligramu 1, na mtu mzima anayezidiwa na mzio huchomwa nusu yake kwenye msuli wa paja, upande wa nje, bila kusubiri. Piriton haipandishi shinikizo la damu lililoporomoka wala haifungui koo lililobana, ingawa ndiyo wengi wetu hutembea nayo mkobani, na wengine huimeza kwanza ndipo wakaagiza kamba. Kwa hiyo kabla hujatoa mkono ili damu yako ijaze mistari thelathini, nenda kwenye kituo cha afya kilicho karibu nawe uulize: adrenalini mnayo leo, na aliye zamu usiku anajua kuichoma?